Nilipozidisha vigeu viwili, alama zikageuka: nadharia tete yangu imekufa?

*"Mwalimu, naandika tasnifu kuhusu mafunzo kazini. Nina watumishi 212 kutoka vitengo 19, kila kitengo na mkuu wake. Kigeu huru ni saa za mafunzo kwa mwezi, kuanzia 0 hadi 12. Kigeu tegemezi ni alama ya utendaji, 0 hadi 100. Kirekebishi, yaani kigeu kinachobadilisha nguvu ya uhusiano huo, ni msaada wa mkuu wa kitengo, ambao ni wastani wa maswali sita yenye skeli ya 1 hadi 7. Kabla ya kuweka zao la mafunzo na msaada, mafunzo yalikuwa na koefishenti 1.1 na msaada 2.4, zote zikiwa na umuhimu wa kitakwimu (p chini ya 0.05). Nilipoongeza zao, mafunzo yakawa −1.6 (p = 0.17), msaada −0.6 bila umuhimu wowote, na zao 0.6 (p = 0.017). VIF ya mafunzo, kile kipimo cha jinsi vigeu vinavyofungamana, ikapanda hadi 15. Mwenzangu anashauri niondoe mafunzo na msaada, nibakize zao peke yake. Msimamizi wangu wa tasnifu anasema kila kigeu nikitoe wastani wake kwanza ndipo nizidishe, na tatizo litaisha. Niligawa pia sampuli katika makundi mawili, wenye msaada mdogo na wenye msaada mkubwa: kundi moja uhusiano una umuhimu, jingine hauna. Je, nadharia tete niliyoandika kwenye pendekezo la utafiti, kwamba msaada wa mkuu huongeza faida ya mafunzo kwa utendaji, imekufa? Na huu msaada ni kirekebishi kweli, au ni kigeu cha kati? Nimekuambatanishia jedwali la matokeo na matriki ya kovariansi."*

Ndugu yangu, haijakufa. Kwa kweli matokeo uliyonitumia yanaiunga mkono zaidi ya unavyodhani. Kilichokutisha ni namba mbili ulizozisoma kana kwamba bado zinajibu swali lililojibiwa na jedwali la kwanza. Hazijibu tena swali lile. Ulipoingiza zao, maana ya koefishenti za mafunzo na msaada ilibadilika papo hapo, ingawa majina yao kwenye jedwali yamebaki yaleyale. Hapo ndipo wanafunzi wengi hunaswa, na hata mimi nilinaswa nilipokuwa mwanafunzi.

Tuanze na jedwali la kwanza. Modeli isiyo na zao inalazimisha jambo moja: saa moja ya ziada ya mafunzo inaongeza alama ileile kwa kila mtumishi, mwenye mkuu anayemjali na mwenye mkuu asiyemjali. Kwako namba hiyo ilikuwa 1.1. Chukua karatasi ngumu, ishike ikiwa bapa, kisha iinamishe upande mmoja. Popote utakapoweka kidole juu yake, mwinamo ni uleule. Hiyo ndiyo regresheni ya kawaida ya vigeu viwili.

Sasa shika karatasi hiyohiyo kwa pembe zake na kuisokota kidogo, upande mmoja uinuke juu na mwingine ubaki chini. Ukifuata ukingo wa kushoto, mwinamo ni mmoja, ukifuata wa kulia ni mwingine, na kila mstari wa katikati una wake. Kusokota huko ndiko mwingiliano, na koefishenti ya zao inapima umesokota kiasi gani. Kwa maneno ya hesabu, mteremko wa mafunzo, yaani alama zinazoongezeka kwa kila saa, si namba moja tena. Umekuwa fomula:

mteremko wa mafunzo = −1.6 + 0.6 × msaada

Hiyo −1.6 iliyokukosesha usingizi ni mteremko wa mafunzo pale msaada unapokuwa sifuri, basi. Na skeli yako inaanzia 1. Hakuna mtumishi hata mmoja mwenye msaada wa sifuri, wala hawezi kuwapo. Programu imeurefusha mstari hadi nje ya data yako na kukupa namba ya mahali pasipo na mtu, kisha ikaweka thamani ya p pembeni yake kama vile ni jambo la maana. Weka wastani wa msaada ulionao, 4.5, katika fomula ile: −1.6 + 2.7 = 1.1. Ni namba yako ileile ya mwanzo. Haikupotea.

Kwa msaada mambo ni tofauti kidogo, na tofauti hii naipenda kwa sababu inaonyesha kwamba hakuna kanuni ya kukariri hapa. Mteremko wa msaada ni −0.6 + 0.6 × mafunzo. Sifuri ya mafunzo ipo kweli: ni watumishi ambao hawakuhudhuria hata saa moja. Kwa hiyo −0.6 isiyo na umuhimu inakuambia kitu halisi. Kwa ambao hawakupata mafunzo, hujaona ushahidi kwamba msaada wa mkuu unahusiana na utendaji. Kwa wenye wastani wa saa 5, mteremko ni 2.4, kama ulivyokuwa mwanzo. Swali la kujiuliza kila mara ni hili: sifuri ya kigeu kile kingine inamaanisha nini katika data yangu?

Kuhusu ushauri wa mwenzako, usiufuate. Ukiondoa mafunzo na msaada ukabakiza zao peke yake, utakuwa umeilazimisha modeli iamini kwamba mteremko wa mafunzo ni sifuri kamili pale msaada ni sifuri, na vivyo hivyo kwa upande wa pili. Hilo hulijui, wala huna nadharia inayolisema. Mbaya zaidi, koefishenti ya zao itaanza kubeba mizigo ya wale waliofukuzwa, na itabadilika kila utakapobadilisha mahali sifuri ilipo. Skeli ya 1 hadi 7 ukiigeuza kuwa 0 hadi 6 utapata jibu jingine kabisa, ilhali watu ni walewale na majibu yao ni yaleyale. Vigeu viwili vinabaki kwenye modeli hata kama thamani zao za p ni mbaya kiasi gani.

Msimamizi wako yuko sahihi nusu. Kutoa wastani kabla ya kuzidisha ni jambo zuri, lakini halitibu ugonjwa anaoufikiria. Ukitoa wastani, sifuri ya msaada inahamia kwa mtumishi wa kawaida mwenye 4.5, na koefishenti ya mafunzo itasomeka 1.1, kosa sanifu (kipimo cha shaka iliyomo kwenye kadirio) 0.30. VIF itashuka karibu na 1. Wote mtafurahi. Lakini angalia mstari wa zao: 0.6, kosa sanifu 0.25, p = 0.017. Haujasogea hata nukta moja. R², yaani sehemu ya tofauti za utendaji inayoelezwa na modeli, nayo imebaki 0.21 ileile. Kama kufungamana kwa vigeu kungekuwa kunakuharibia kipimo cha mwingiliano, kutoa wastani kungebadilisha kitu kwenye mstari huo. Hakubadilishi.

Na ile VIF ya 15 ilitoka wapi? Kosa sanifu la mafunzo kabla ya kutoa wastani ni 1.16, baada ya kutoa ni 0.30. Kipeo cha pili cha 1.16 ukikigawa kwa kipeo cha pili cha 0.30 unapata takriban 15. Yaani VIF kubwa ilikuwa inakuambia tu kwamba kukadiria mteremko mahali palipo mbali na data ni kazi yenye shaka kubwa kuliko kuukadiria katikati ya data. Jambo hilo hata bila hesabu tungelijua. Kwa hiyo toa wastani, kwa sababu jedwali litasomeka vizuri. Ila usiandike kwenye tasnifu kwamba umefanya hivyo "ili kuondoa tatizo la vigeu kufungamana". Mjumbe wa jopo anayejua atakusimamisha hapo.

Dokezo dogo kwa watumiaji wa programu ya takwimu ya SPSS: ukitaka koefishenti sanifu, sanifisha vigeu kwanza (toa wastani, kisha gawa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko) ndipo uvizidishe. Safu ya Beta inayotolewa na programu kwa mstari wa zao imesanifisha zao lenyewe, ambalo si sawa na zao la vigeu vilivyosanifishwa. Usiinukuu.

Sasa ule mgawanyo wa makundi mawili. Najua unaonekana rahisi kueleza, na jopo nyingi huupenda. Lakini "kundi hili lina umuhimu, lile halina" si ushahidi kwamba makundi yanatofautiana. Fikiria kundi moja lina mteremko 1.0 na kosa sanifu 0.4, jingine 0.7 na kosa sanifu 0.4. La kwanza linavuka mstari wa 0.05, la pili halivuki, na bado tofauti kati yao ni 0.3 tu ikiwa na kosa sanifu la karibu 0.57. Hakuna tofauti ya kutangaza hapo. Anayepima tofauti moja kwa moja ni zao, na tayari unalo. Isitoshe, kumkata mwenye 4.4 na mwenye 4.6 katika makundi mawili, kisha kumweka huyo wa 4.6 kapu moja na mwenye 7, ni kutupa taarifa uliyoihangaikia kwa hojaji ya maswali sita. Ondoa sura hiyo ndogo.

Badala yake fanya hivi. Kwa kutumia jedwali na matriki uliyoambatanisha, nimekokotoa mteremko wa mafunzo katika sehemu tatu za msaada: mkengeuko sanifu mmoja chini ya wastani (3.3), kwenye wastani (4.5) na mmoja juu (5.7). Kosa sanifu la kila mteremko linapatikana kwa kujumlisha variansi ya koefishenti ya mafunzo, kovariansi yake na zao mara mbili ya thamani ya msaada, na variansi ya zao mara kipeo cha pili cha msaada, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Programu nyingi hukufanyia, lakini ni vizuri ujue kinachotendeka ndani. Nimepata 0.38 kwa wenye msaada mdogo, upeo wa uhakika wa asilimia 95, yaani mipaka ambamo mteremko wa kweli unatarajiwa kuwa, ukianzia −0.46 hadi 1.22. Kwenye wastani ni 1.1, kati ya 0.51 na 1.69. Kwa wenye msaada mkubwa ni 1.82, kati ya 0.98 na 2.66.

Hiyo ndiyo hadithi ya tasnifu yako: mafunzo yanaendana na utendaji bora pale mkuu anaposaidia, na pale asiposaidia hatuna uhakika kama yanaendana na chochote. Nimechagua neno "hatuna uhakika" kwa makusudi. Upeo wa −0.46 hadi 1.22 hausemi kwamba mafunzo hayafai kwa watu hao. Unasema data haijatosha kuamua.

Sehemu hizo tatu ni za kuchagua tu, na mtu anaweza kukuuliza kwa nini 3.3 na si 3.6. Kuna njia ya zamani inayokwepa swali hilo, ya Johnson na Neyman, iliyochapishwa mwaka 1936. Badala ya kuchagua sehemu, unatafuta thamani ya kirekebishi ambapo mteremko unaanza kutofautishika na sifuri. Kwako ni karibu 3.8. Kuanzia hapo kwenda juu, uhusiano unaonekana wazi. Chora mteremko kama mstari, uwekee ukanda wa uhakika juu na chini, na chini kabisa ya mchoro onyesha watumishi wako wamejipangaje kwenye skeli ya msaada.

Usiliruke hilo la mwisho. Fomula inasema mteremko unakuwa hasi msaada ukiwa chini ya takriban 2.7. Nimeona tasnifu zikiandika kwa furaha kwamba "kwa wakuu wasiosaidia, mafunzo yanashusha utendaji". Hesabu ni watumishi wangapi wako chini ya 2.7. Kwa wastani wa 4.5 na mkengeuko wa 1.2, nakisia hawazidi 15 kati ya 212. Mstari ulionyooka hauna hiari, lazima uende chini ukiufuata vya kutosha. Usiwape watu 15 mzigo wa kubeba hitimisho zito namna hiyo.

Umeuliza kama msaada ni kirekebishi, yaani modereta kama mnavyomwita madarasani, au ni kigeu cha kati. Tofauti hii ilielezwa kwa mpangilio na Baron na Kenny mwaka 1986, na bado inachanganya watu kila mwaka. Kigeu cha kati kinajibu swali la kwa njia gani: mafunzo yanaongeza ujuzi, ujuzi unaongeza utendaji, na ujuzi uko njiani. Kirekebishi kinajibu swali la kwa nani au katika hali gani. Hakiko njiani, kiko pembeni kinaamua njia iwe pana au nyembamba. Ungekuwa unadai kwamba kupata mafunzo ndiko kunakomfanya mkuu aanze kusaidia, msaada ungekuwa kigeu cha kati. Hudai hivyo, kwa hiyo ni kirekebishi.

Lakini jua kwamba hesabu yenyewe haijui nani ni nani. Zao la mafunzo na msaada ni lilelile ukianzia upande wowote, na matokeo yako yanaweza kusomwa kwa uhalali uleule kwamba mafunzo yanarekebisha athari ya msaada. Nani aitwe kirekebishi ni uamuzi wa nadharia yako, na lazima uutetee kwa maneno. Wala zao halithibitishi usababishi. Watumishi wako hawakupangiwa saa za mafunzo kwa bahati nasibu. Huenda wakuu wanaosaidia huwapeleka kwenye mafunzo wale ambao tayari ni hodari.

Kuna jaribio moja ningependa ulifanye kabla hujafunga sura ya matokeo. Ikiwa mafunzo na msaada vina uhusiano wao wenyewe, na ikiwa ukweli ni kwamba faida ya mafunzo inapinda, tuseme inakua kwa kasi baada ya saa kadhaa, basi zao linaweza kuvaa sura ya mpindo huo na wewe ukauita mwingiliano. Ongeza kipeo cha pili cha mafunzo na cha msaada kwenye modeli. Zao likisimama, vizuri. Likiporomoka, andika hivyo bila kuficha.

Nitakuwa mkweli pia kuhusu nguvu ya ushahidi. Zao limeongeza R² kutoka 0.19 hadi 0.21, na upeo wa uhakika wa 0.6 ni kuanzia 0.11 hadi 1.09. Hiyo ni kati ya kitu kidogo sana na kitu kikubwa sana. Mwingiliano ni mgumu kuukamata kwa asili yake. Chukua makundi mawili yenye idadi sawa: kosa sanifu la tofauti ya athari kati ya makundi ni mara mbili ya lile la athari ya jumla. Kama mwingiliano una nusu ya ukubwa wa athari ya jumla, ishara imepungua nusu na kelele imekuwa maradufu, kwa hiyo unahitaji sampuli mara 16 ili uuone kwa uhakika uleule. Ongeza na mapungufu ya hojaji: mafunzo yakipimwa kwa utegemekaji (uthabiti wa kipimo, 1 ukiwa kamili) wa 0.8 na msaada 0.7, na vigeu hivyo visihusiane, zao lake lina utegemekaji wa takriban 0.56 tu. Kukosa umuhimu kwenye zao mara nyingi ni dalili ya sampuli ndogo. Na kuupata katika sampuli ndogo kunataka unyenyekevu, maana makadirio yanayovuka mstari kwa shida huwa yamevimba. Kilichokuokoa ni kwamba uliandika nadharia tete hii kwenye pendekezo la utafiti kabla ya kukusanya data. Liseme hilo waziwazi kwenye tasnifu.

Siku nyingine ukiwa na kigeu tegemezi cha ndiyo au hapana, usihamishe maelezo haya moja kwa moja. Katika regresheni ya lojistiki koefishenti ya zao haisomeki kama mwingiliano kwenye uwezekano wenyewe, na kazi inakuwa nyingine.

Nimelibakiza mwisho jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyouliza. Watumishi 212 katika vitengo 19, kila kitengo na mkuu wake. Watu wanaofanya kazi chini ya mkuu mmoja wanampima mkuu huyohuyo, huenda wanapelekwa mafunzo pamoja, na pengine alama zao za utendaji anazitoa yeye. Hao si watu 212 wasiohusiana. Regresheni ya kawaida inawahesabu kama hawajuani, na matokeo yake makosa sanifu hutoka madogo kuliko inavyostahili, pamoja na lile la 0.25 ambalo p yako ya 0.017 imesimama juu yake. Namba zote nilizokokotoa hapo juu zina dosari hiyohiyo.

Hapa maandishi hayatoshi, tafuta mtu mkae naye mbele ya data. Unahitaji modeli ya ngazi mbili, watumishi ndani ya vitengo, na vitengo 19 ni vichache kiasi kwamba kila uamuzi una uzito, hata marekebisho ya makosa sanifu kwa makundi hayaaminiki sana kwa idadi hiyo. Itabidi pia msaada ugawanywe sehemu mbili: wastani wa kitengo, na jinsi kila mtumishi anavyotofautiana na wenzake wa kitengo kimoja. Inawezekana kabisa mwingiliano wako unakaa katika sehemu moja tu kati ya hizo. Mwone mtakwimu wa idara yako kabla ya kuwasilisha, si baada ya jopo kukurudisha. Nenda na data ghafi yenye safu ya namba ya kitengo, hojaji yenyewe, na pendekezo lako la utafiti. Swali la kwanza la kumuuliza liwe kama modeli inauruhusu mteremko wa mafunzo utofautiane kati ya kitengo na kitengo.